Siku Twiga Alipokuja

Kila kiangazi, shule ya ufundi ilipofunga, uwanja wake uligeuka ukumbi wa tamasha la michezo ya kuigiza. Siku saba mfululizo, mchana kutwa hadi jioni, vikundi vilipanda na kushuka jukwaani, na watu wakakaa chini ya maturubai wakijipepea kwa karatasi za ratiba. Mama Twiga alikuwa akilisikia tu tamasha hilo. Miaka ishirini na sita alikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akihamisha mashuka ya wagonjwa kutoka kwenye mashine hadi kwenye pasi, na kiangazi kwake kilikuwa na maana moja: joto juu ya joto.

Mwaka huo aliomba ruhusa ya siku nzima, kwa sababu binti yake alikuwa ameandika mchezo.

Binti huyo walimwita Chiriku. Alipokuwa mdogo alianza kuongea kabla ya jogoo na alinyamaza usingizi ulipomnyang'anya maneno mdomoni. Kisha, alipotimiza miaka tisa, akapoa ghafla. Watu wakasema anakua. Jina likabaki juu yake kama kibao cha duka lililofungwa. Sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alipoleta habari ya mchezo wake aliisema akiangalia sufuria.

"Mkija, njooni wote, Mama. Na Baba pia."

"Mimi nina kazi," akasema baba yake, ambaye alikuwa na kiwanda kidogo cha kupiga chapa kadi na vitabu vya risiti. "Watu wazima kujipaka unga usoni, niache mashine nikaangalie?"

"Ni mwanao, Baba Twiga," mkewe akamwambia. "Utakwenda."

Akaenda. Wakakaa safu ya tatu: yeye, mkewe, na dada yake, ambaye watu wote walimwita Shangazi, hata wasio wapwa zake. Shangazi alikuja na mwavuli, karanga na maoni. Katika mchezo uliotangulia aliingia mfalme, Shangazi akamwangalia chini mpaka juu.

"Wifi, huyu mfalme amevaa sandali za kuogea."

"Shh! Watakusikia."

"Wanisikie. Ufalme gani wa kuvuta miguu?"

Mama Twiga akacheka mpaka akafuta macho. Baadaye, kila alipokumbuka siku ile, kicheko hicho ndicho kilichomuuma, kwa jinsi alivyokitoa bila kujua kilichokuwa njiani.

Mchezo wa Chiriku ukaanza. Jukwaani palikuwa na mlango, meza na dirisha la jikoni. Baba mmoja, kijana mmoja mrefu, kadi za harusi zimetapakaa sakafuni. Watu wakacheka, kwani kijana alikuwa amekosea kupanga majina, na kadi mia tatu zilitangaza kwamba bibi harusi anaolewa na baba yake mzazi. Mama Twiga hakucheka. Aliijua kadi ile. Alimjua na kijana.

Alikuwa ni Twiga, mtoto wake wa kwanza, aliyeitwa hivyo kwa shingo na miguu. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alifanya kosa lile lile kwenye kiwanda cha baba yake, na baba yake akamzaba kofi mbele ya mafundi na mbele ya mteja. Twiga akaondoka jioni ile ile. Mama yake aliporudi kutoka zamu alikuta kitanda kimetandikwa vizuri, kama cha mgonjwa aliyeruhusiwa.

Na hakurudi tena. Hivyo ndivyo Mama Twiga alivyojua kwa miaka yote. Mwaka wa tatu waliletewa maiti. Alianguka kutoka juu ya jengo walilokuwa wakilijenga, katika mji wa mbali. Wenzake waliomleta walimwambia, "Mama, alikuwa anakutaja kila siku," naye akawajibu kwa sauti kavu, "Angekuwa ananitaja, angekuja." Neno hilo alilisema kaburini, mbele ya watu, na hakumwaga chozi. Katika mkoba wa Twiga mlikuwa na mashati mawili na viatu vya kike, laini, vipya kabisa. Akadhani mwanawe alikuwa na mchumba. Aliviweka viatu vile miaka miwili, akimngoja msichana aje avidai, na alipoona haji akampa mwenzake wa kazini. Hakuwahi hata kuvijaribu.

"Ametuandika sisi," Shangazi akanong'ona. Karanga zilikuwa zimemgandia mkononi.

Mama Twiga akaitikia kwa kichwa. Hakukasirika. Alifikiri, basi, mtoto amemkumbuka kaka yake, si vibaya. Akamtazama mumewe kwa jicho la pembe. Mumewe alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, wino mweusi ukionekana kwenye pembe za kucha.

Kisha mlango wa jukwaani ukabishwa.

Kijana mrefu alikuwa amerudi. Mchana, jua la utosini, mkoba begani, na mkononi ameshika viatu vya kike. Baba akafungua mlango nusu.

"Nimekuja kumwona Mama," akasema kijana. "Nimemletea viatu vya kazini. Miguu yake inavimba kwa kusimama."



"Mama yako hataki kukuona," baba wa jukwaani akasema. "Amesema amezaa mtoto mmoja tu, naye ni wa kike. Usikanyage hapa tena."

Mama Twiga alitaka kujiambia kwamba ni mchezo tu, kwamba waandishi huongeza chumvi. Alikuwa karibu kujishawishi. Hapo ndipo mumewe, macho hayabanduki jukwaani, alipotikisa kichwa na kusema chinichini, kama fundi anayesahihisha chapa:

"Sikumwambia hivyo."

Mama Twiga akageuka taratibu. "Hukumwambia nani?"

Mpiga chapa akafumba mdomo. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, na neno halina mkia wa kulivutia nyuma.

"Baba Twiga. Hukumwambia nani?"

"Nilimwambia... nilisema hutaki kumwona. Hayo ya mtoto mmoja sikusema."

Mama Twiga alibaki kitini. Aliuona mchezo mpaka mwisho, watu wakasimama na kupiga makofi, Chiriku akatolewa mbele na waigizaji wenzake, na mama yake akapiga makofi pia, kwa sababu mtoto alikuwa anamtazama yeye tu.

Shangazi akamshika bega. "Wifi yangu, yaliyopita si ndwele."

"Ni ndwele, wifi," akasema. "Hii ni ndwele."

Watu walipoanza kutawanyika, mumewe alizungumza bila kuulizwa. Alisema alitaka tu kumtia kijana adabu. Alijua angerudi. Kesho yake baada ya kumfukuza hakwenda kiwandani. Alikaa mlangoni kutwa nzima, akimngoja mwanawe arudi ili amsamehe. Na keshokutwa. Kisha zikapita siku nyingi, akaona aibu kusema, na alipoletwa maiti aibu ikawa kubwa kuliko nyumba.

"Ungemfukuza kwa mdomo wako," Mama Twiga akamwambia. "Ungesema, mimi baba yako sikutaki. Angekuja hospitali kunitafuta. Lakini ulichukua mdomo wangu. Mwanangu amekufa akijua mimi ndiye niliyemkataa."

Mpiga chapa akainamisha kichwa.

Chiriku alikuwa kwenye darasa walilolifanya chumba cha kubadilishia nguo, amekaa juu ya dawati. Mama yake alipoingia, wenzake wakatoka wenyewe.

"Ulikuwepo," mama akasema.

"Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka tisa. Baba aliniambia nikikuambia utakufa kwa uchungu. Niliogopa kukuua, Mama. Nilipokua nikajua si kweli, lakini ulimi ulikuwa umeshazoea. Nilijaribu mara nyingi. Nilishindwa kwa mdomo, nikaandika."

Mama Twiga hakuuliza kwa nini. Aliuliza alichotaka kukijua tangu kijana alipobisha ule mlango wa mbao nyembamba.

"Alikuwa amekula?"

Chiriku akaanza kulia. "Hakula. Nilimpa maji, kupitia dirisha la jikoni. Akanywa vikombe viwili."

"Alikonda?"

"Kidogo. Alikuwa mweusi kwa jua."

"Akasema nini?"

Nje, kikundi kingine kilikuwa kinajaribu ngoma zao.

"Hili sikuliandika. Alipomaliza maji aliniuliza, 'Chiriku, wewe hudanganyi. Ni kweli Mama amesema hivyo?' Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikaitikia kwa kichwa, Mama. Nikamwitikia ndiyo. Akanirudishia kikombe, akaenda."

Mama Twiga alitaka kumshika mtoto wake, na mikono haikunyanyuka. Akasimama tu. Kisha akasema, "Nimesikia," akatoka, na wote wawili walijua kwamba hilo halikuwa jibu.

Usiku huo alilala kwa Shangazi, na siku zilizofuata pia. Asubuhi alikwenda kazini, akasukuma mashuka. Mwenzake aliyempa vile viatu alikwisha kustaafu. Hata kuvitazama hapakuwa na namna. Alipotoka zamu, miguu haikumpeleka nyumbani. Ilimpeleka shule ya ufundi, kwa kuwa mchezo wa Chiriku ulirudiwa kila jioni mpaka tamasha liishe.

Akakaa nyuma kabisa, peke yake. Kijana mrefu alipotokea na mkoba begani, Mama Twiga akajikuta anainuka kidogo kitini, kama mama yeyote ambaye mwanawe ametoka safari. Alijua kijana ataambiwa nini. Hata hivyo kwa ile dakika moja, kabla mlango haujafunguka, Twiga alikuwa amekuja kumwona. Akaenda tena kesho yake kwa ajili ya dakika hiyo.

Siku ya tatu mchezo ulikuwa umebadilishwa. Baba alipokwisha kusema maneno yake, kijana hakuondoka. Alizunguka hadi kwenye dirisha la jikoni. Ndani alisimama msichana mdogo na kikombe. Kijana akanywa, akauliza swali, na msichana akageuka kumtazama baba, akageuka tena kwa kaka yake, akaitikia kwa kichwa.

Uwanja mzima ukaguna. Mama mmoja mbele akasema kwa sauti, "Jamani, huyu mtoto!"

Mama Twiga alikuwa amekuja kumtazama kijana, akajikuta anamtazama msichana. Aliyeigiza alikuwa mwanafunzi wa darasa la tatu, kiwiko chake hakikufika hata juu ya kizingiti cha dirisha. Ndivyo Chiriku alivyokuwa. Kitoto cha kiasi hicho kiliwekwa kati ya baba na kaka, kikaachwa kibebe peke yake miaka kumi na mitatu. Chozi ambalo halikutoka kaburini likatoka pale, na likavuta mengine, mpaka jirani yake wa kiti asiyemjua akampa kitambaa.

Hakungoja makofi. Alipita pembeni ya turubai, akamkuta Chiriku nyuma ya jukwaa, ameshika karatasi zake. Safari hii mikono ilinyanyuka.

"Ulikuwa mtoto," akamwambia sikioni. "Ulikuwa mtoto, mama yangu. Haikuwa kazi yako."

"Nilimwambia ndiyo, Mama."

"Najua. Lia. Sasa tunalia wote."

Tamasha likaisha, maturubai yakakunjwa, viti vikapakiwa. Mama Twiga alirudi nyumbani kwake, maana nyumba ilikuwa yake pia, aliijenga kwa miguu yake iliyovimba. Watu walitarajia ama amwache mumewe ama amsamehe, naye hakufanya lolote kati ya hayo. Anampikia, wanakula meza moja. Mzee ameisha mwili, na kiwanda amekiacha mikononi mwa mafundi. Wakati mwingine anaanza kusema, "Mama Twiga, mimi..." na sentensi inakufa hapo hapo, naye mkewe haisaidii kuinuka.

Kitu kimoja tu hakivumilii. Wageni wanapobisha hodi, na mume, kwa mazoea ya wanaume wa umri wake, anapowaambia, "Mke wangu anasema karibuni, lakini leo amechoka," Mama Twiga anatoka jikoni akijifuta mikono.

"Mke wako hajasema," anasema, na anawapisha waingie.