Midomo ya Kasuku

Mitambo ya kiwanda cha nguo haikumuua mtu, lakini masikio iliyala. Mwanamke huyu aliingia mle msichana, akatoka ajuza, na walichompa siku ya kuagwa ni saa ya ukutani. Miguu iliyovimba na ukimya alikwisha kujichukulia mwenyewe. Nao haukuwa ukimya mtupu. Ulikuwa na mvumo ndani yake, kama nzige waliofungiwa kwenye debe.

Wafumaji wenzake walimbandika jina Zumari. Kiziwi hajui kipimo cha sauti yake. Zumari akinong'ona, jirani wa nyumba ya tatu anaitika.

Mle kiwandani sauti haikuwa na kazi. Mitambo ikishawaka, hata ukipiga yowe unajichosha bure. Kwa hiyo wanawake walisema kwa midomo mitupu, wakilitanua kila neno kama mtu anayetafuna muwa, na umbeya, posa na habari za msiba zikavuka ukumbi mzima bila kutoa mlio. Herufi za kitabuni hazikuwahi kupatana na Zumari, lakini midomo aliisoma kama hafidhi asomavyo Kurani.

Kitinda mimba wake, binti, alizaliwa masikio ya mama yameshakwenda. Mtoto aliona haraka kuwa mama haji akililiwa, haitiki akiitwa, ila ukimtazama ukachezesha mdomo, anakuja mbio. Basi akajua kusema kwa midomo kabla hajajua kusema kwa sauti, na alisema! Kutoka shuleni mpaka kitandani ni maneno tu, mdomo mpana, meno nje, nyumba kimya kabisa. Mama akamwita Kasuku. Na sauti ya kasuku huyo hakuisikia hata siku moja. Aliijua kwa sura tu.

Kasuku akakua, akasoma, akapata kazi kwenye maabara ya hospitali, kupima damu. Halafu akavaa nikabu. Hakulazimishwa na mume, maana hakuwa naye. Hakuvutwa na shehe wala na shoga. Aliwaza peke yake muda mrefu, kisha asubuhi moja akatoka chumbani yamebaki macho.

Mjomba wake, mdogo wake Zumari, ambaye ni kinyozi na kama vinyozi wote hawezi kushika mkasi bila kushika na maneno, alikuwa wa kwanza kumchokoza.

"Dada, kuna ninja hapa mlangoni. Nimfungulie?"

"Fungua tu, mjomba," Kasuku akajibu. "Nimetumwa ninyoe ulimi wako."

Kinyozi alicheka mpaka akakaa chini. Zumari hakucheka.

"Mimi nimesali umri wangu wote na uso huu huu," alisema. "Mungu ameuchoka?"

Kasuku aliinua kitambaa ili asomeke. "Wewe na uso wako, mama, mimi na wangu. Kila mtu na kaburi lake."

"Kaburini tutafunikwa tu. Haraka ya nini?"

Mdomoni mwa Zumari mlikuwa na dini, lakini kilichomuuma kilikuwa masikio, na hilo hakulitamka. Nyumbani hakukuwa na shida: Kasuku akiingia tu, nikabu inatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na maneno yanamwagika. Barabarani ndiko alikotembea na mwanawe kama anayetembea kando ya ukuta. Wakabuni ujanja. Kasuku akiwa na neno, wanasogea kwenye kona, Zumari anautandaza mtandio wake kama pazia, Kasuku anaufunua uso, anasema, anafunika, safari inaendelea.

"Nimesema sabuni imekwisha," alisema siku moja nyuma ya pazia hilo.

"Yaani nimejitanda hapa kama hema kwa ajili ya sabuni?"

Walicheka wote wawili, watu wakawageukia. Siku kama hizo Zumari aliweza kuvumilia.

Ndipo hospitali ikatoa amri: wafanyakazi wote, nyuso wazi. Kinyozini kwa mjomba kukawa bunge. Huyu anasema mgonjwa ana haki ya kumwona anayemchoma sindano. Yule anajibu kwamba damu ya kwenye chupa haina macho, inamtazama nani? Mwingine, povu shavuni, anasema wanawake wa nikabu wameonewa, waokolewe, na aliyekaa pembeni anamuuliza kama amewahi kumwuliza hata mmoja. Kasuku mwenyewe alikuwa na lake.

"Mle maabara nafunga barakoa kutwa nzima, mama. Hakuna aliyeniambia hanijui. Kitambaa cha hospitali halali, cha kwangu hatari. Nimewaambia, mkitaka kuhakikisha ni mimi, nileteeni mwanamke, nitamfunulia kila asubuhi. Hawataki."

Zumari alitikisa kichwa. Moyoni kulikuwa na kitu kidogo kilichofurahi, akakiona, akaona haya, lakini hakukifukuza.

Alasiri moja msimamizi wa maabara akaja nyumbani. Hakuwa mtu mbaya. Mama wa makamo, mpole, midomo yake imepakwa rangi nyekundu. Kasuku alimkaribisha uso wazi, kwa kuwa ni mwanamke mwenzake, akaingia nyuma ya pazia la jikoni kuandaa chai. Mgeni alikaa akamwelekea Zumari, akasema polepole, kila neno limeoshwa na kuanikwa. Miaka mingi hakuna mgeni aliyemsemesha hivyo. Watu humpigia kelele au humpuuza. Zumari aliyanywa maneno yale kama mtu aliyetoka juani.

"Mama, binti yako tunampenda. Hatutaki kumpoteza. Wewe ni mtu wa dini, nisaidie. Kwani ni lazima?"

Zumari alitupa jicho kwenye pazia. Akainama, akasogeza mdomo karibu na sikio la mgeni, akanong'ona. Yeye alijua ananong'ona.

"Si lazima. Ni ukaidi wa ujana tu. Mkazeni kidogo, ataivua. Na mimi nitashukuru."

Uso wa mgeni ulibadilika. Macho yake yakaruka mpaka kwenye pazia, na hapo Zumari akajua kwamba amepayuka. Nyumba nzima imesikia. Mtaa labda.

Pazia likatikisika. Kasuku alipita bila kuwatazama, akaenda nyuma ya mlango, akaiondoa nikabu msumarini, akaifunga. Akarudi, akaleta sinia, akamimina chai. Wanawake peke yao chumbani, nyumbani kwa mama yake mzazi, naye amejifunika. Zumari aliutazama uso ule usio na mdomo ukimpa kikombe, akashindwa kukipokea, mgeni akakipokea kwa niaba yake.

Yaliyofuata yalikwenda yenyewe. Kwenye kikao Kasuku aliambiwa kwamba hata mama yake anasema si lazima. Akaambiwa achague. Akachagua. Ikapatikana zahanati katika mji wa mbali, inaendeshwa na wanawake, wakamwambia njoo na nikabu yako.

Siku zilizobaki aliivua tena ndani, ila maneno yalikuwa yamekauka. Ndiyo, mama. Hapana, mama. Chakula tayari. Kasuku wa watu akawa anadonoa tu. Zumari alitaka kuomba radhi, lakini sauti yake alikuwa haiamini tena. Ilishamsaliti mara moja. Simu anayo, ila ujumbe husomewa na mdogo wake, na neno la msamaha halipitishwi kwa kinyozi.

Siku ya safari walikaa watatu kwenye benchi la kituo cha mabasi ya masafa. Kinyozi alishika begi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Watu wanapita, makuli wanasukuma mikokoteni. Zumari akamgusa mwanawe goti. Kasuku akageuka. Na mama akasema kwa namna ya kiwandani, midomo mipana, pumzi tu, bila tone la sauti:

"Nisamehe, mwanangu. Sikuichukia nikabu yako. Nilikuwa nakukosa. Wengine hata usipofunua wanakusikia. Mimi sisikii."

Macho ya Kasuku yakajaa. Kitambaa kikaingia, kikatoka, kikaingia. Alikuwa anajibu. Alisema kitu kirefu, na Zumari alikiona kitambaa kikicheza na asipate hata neno.

"Sioni," alisema kwa midomo.

Kasuku akainuka haraka, akamvuta mkono mpaka kwenye kona ya dirisha la tiketi. Kona yenyewe finyu. Zumari akaanza kuutandaza mtandio, Kasuku akashika pindo la nikabu. Hapo watu wakainuka wote kwa pamoja, mabegi vichwani, wimbi la watu likawapitia, pazia likaanguka.

Kinyozi alimgusa dada yake bega. "Basi linaondoka, dada. Wanaita majina."

Kasuku alionyesha kidole mbele, kule ng'ambo ya mlango wa vioo. Hapo, alimaanisha. Nitakwambia hapo. Akambusu mama yake mkono juu ya kitambaa, akaingia. Wasindikizaji hawaruhusiwi kupita.

Ng'ambo ya kioo kulikuwa na meza na mlinzi. Alichukua kitambulisho, akakitazama, akamtazama Kasuku, akazungusha kidole kuuzunguka uso wake mwenyewe. Zumari aliisoma midomo yake bila taabu. Funua.

Kasuku alitikisa kichwa, akaashiria kibanda kidogo chenye pazia.

"Anaomba mlinzi wa kike," kinyozi alisema, ingawa dada yake ndiye aliyeona zaidi.

"Wa kike amekwenda kula," Zumari akajibu, kwa kuwa ndivyo mlinzi alivyosema. "Anamwambia afunue au abaki."

Nyuma ya Kasuku foleni ilikuwa ndefu. Mwanamume mmoja alitazama saa. Mwingine alisema jambo, mwenzake akacheka; Zumari alilisoma hilo pia, na hakumtafsiria mdogo wake. Kwenye nyayo alihisi injini ya basi ikinguruma.

Kasuku akafunua.

Ndio huo hapo. Uso alioutamani miaka yote uonekane nje, mbele ya watu, kwenye mwanga wa mchana, usomeke kutoka mbali. Ulikuwa umelowa. Foleni nzima ilikuwa inautazama. Kasuku aligeukia kioo, akamtafuta mama yake, akamwona. Midomo ikatanuka ile ya utotoni.

"Mama, usinitazame."

Zumari akageuka. Aligeuka mzima mzima, kioo kikawa mgongoni, macho kwenye ukuta wenye tangazo la soda. Na kwake yeye kugeuza macho ndiyo kuziba masikio.

Kinyozi akazunguka akaja mbele yake ili amsome. "Dada! Bado anasema. Anakwambia kitu, tazama!"

"Anasema nini?"

"Najuaje mimi? Kioo kimezuia, na midomo siijui. Kirefu lakini. Geuka, dada, upesi, ameshikilia nikabu mkononi, anasema."

Zumari alibaki pale pale. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni, hakuyafuta.

"Aliniambia nisitazame."

"Pengine ameghairi!"

"Pengine," alisema, na safari hii alinong'ona kweli, kiasi kwamba mdogo wake ilibidi ainame. "Nawe geuka."

Kinyozi alivua kofia yake, akaishika kifuani, akageuka. Wakasimama kaka na dada, wameelekea tangazo la soda, watu wanawapita na mizigo. Mngurumo ulipanda miguuni mwa Zumari mpaka magotini, ukakaa hapo kitambo, halafu ukaanza kupungua.

"Limeondoka," mdogo wake akasema.

Zumari hakuwa anamtazama, kwa hiyo hakumsikia. Lakini alikuwa ameshajua.