Majeraha Kumi na Saba ya Souleymane

Jumanne, saa mbili asubuhi, Madame Apolline alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa uuguzi wa Kasongo namna mpox inavyotambuliwa na inavyoenea. Alikuwa amefika kwenye namna mashuka ya mgonjwa yanavyoambukiza wakati Souleymane alipoingia. Souleymane, fundi wa maabara, alikuwa ameuawa Ijumaa huko Salamabila, alikokwenda kuchukua sampuli za wachimbaji wa dhahabu waliotokwa na vipele. Alikuwa ameahidi kuja kufundisha somo la vitendo, na akaja.

Alisalimia, akaweka kisanduku cha baridi mezani. Panga lilikuwa limemkata shingo hadi mfupa, kwa hiyo alikuwa akikishikilia kichwa kwa mkono wa kushoto.

“Munisamehe, niko na mukono moja tu,” alisema. “Nani atanisaidia?”

Esther-Divine, aliyeketi mbele, akavaa glavu. Souleymane akaeleza: kijiti cha pamba kisuguliwe kwa nguvu kwenye kipele, kitiwe kwenye kichupa kikavu, jina liandikwe, kisha kikae kwenye baridi mpaka kifike kwenye mashine ya kupimia. Macho peke yake hayatoshi. Vipele vya tetekuwanga hufanana na vya mpox.

Kwa kuwa darasani hapakuwa na mgonjwa, alivua shati wajifunzie kwenye majeraha yake. Yalikuwa kumi na saba. Kila kichupa kilipofungwa, jina la aliyekata lilijiandika lenyewe kwenye karatasi yake. La shingoni lilikuwa Kamaldine, mwenye shimo la dhahabu.

“Majibu yakitoka, shimo linafungwa,” alisema Souleymane. “Alijua.”

La mbavuni lilikuwa Déo, kaka yake Esther-Divine, aliyechimba kwenye shimo hilo.

“Andikeni,” alisema Madame Apolline. Wakaandika.

Wakati wa mapumziko Esther-Divine alimpigia kaka yake simu.

“Ulimukata Souleymane?”

“Kamaldine alituambia pamba yake ndiyo inaleta ugonjwa. Yeye ndiye alianza. Tulikuwa wengi, dada.”

“Na wewe uko na vipele?”

“Viko mupaka mu kinywa.”

Alitaka kumtukana. Akamuuliza kama anaweza kumeza maji.

Mashine ilithibitisha mpox kwenye sampuli za wachimbaji zilizokuwa kisandukuni. Polisi walivisoma vichupa vyote kumi na saba, wakausifu mwandiko, wakasema Kamaldine ni mtu wa heshima. Hakukamatwa mtu.

Jumamosi Esther-Divine alipanda pikipiki kwenda Salamabila na dawa za kaka yake na karatasi ya majibu. Kamaldine aliichukua, akaisoma mbele ya wachimbaji, akaichana.

“Huyu naye ameleta ugonjwa ingine,” alisema.

Walimpiga kwa machepe. Déo, ambaye homa ilikuwa imemmaliza nguvu, alitambaa akajilaza juu ya dada yake. Walimvuta kando kwa miguu, wakaendelea kumpiga Esther-Divine mpaka akatulia.

Jumanne iliyofuata Madame Apolline aliita majina. Esther-Divine aliitika, akaenda kusimama karibu na Souleymane. Upande mmoja wa uso wa Esther-Divine ulikuwa umebonyea, lakini alisikika vizuri. Wanafunzi waliomba waanze na jeraha hilo.

Saa hiyo hiyo, Salamabila, Kamaldine alikuwa akiwapokea wachimbaji wa zamu ya asubuhi mdomoni mwa shimo. Alimpa kila mmoja mkono. Wengi wao walikuwa na vipele viganjani.