Mfumo Ulioogopa Maji

Siku ya uzinduzi, kampuni ya udobi iling'aa kuliko nguo ilizofua. Sakafu ya mapokezi ilipigwa deki mara mbili, utepe mwekundu ukafungwa mlangoni, na juu ya kaunta ikasimamishwa skrini pana kama meza ya kulia. Mkurugenzi, ndani ya koti jipya la zambarau, alisimama mbele ya wageni kama bwana harusi akatangaza kwamba enzi ya sindano na uzi imekwisha.

Enzi hiyo ilikuwa ya Mama Pacha, msimamizi wa mapokezi, mama wa mapacha wa darasa la kwanza, mwenye stashahada ukutani na ulimi usio na breki. Kila nguo iliyoingia pale ilishonewa ndani ya ukosi kitambaa kidogo chenye namba ya mwenyewe. Ilikuwa kazi ya kuumiza macho, lakini koti la mchungaji halikuwahi kumfikia kinyozi. Sasa ulikuja mfumo wenye vibandiko: unabandika, kifaa kinasoma mistari, skrini inakwambia nguo ni ya nani na iko wapi. Mama Pacha hakuulilia uzi. Vidole vyake vilikuwa na matundu ya kutosha kuchujia chai.

Mkurugenzi alinogewa na hotuba yake mwenyewe.

"Waheshimiwa, vueni makoti! Yatafuliwa sasa hivi, mbele ya macho yenu. Mtaondoka hapa mmevaa usafi!"

Wageni wakavua. Kadi ya mwaliko iliwaagiza waje na koti jepesi jeusi, na wageni walikuwa watu watiifu. Mkurugenzi peke yake hakuvua. Bwana harusi havui.

Mama Pacha akabandika, kifaa kikalia, mashine zikameza. Pembeni yake alisimama Mtaalamu, bwana mwembamba wa miwani aliyeuleta mfumo, akitabasamu kila neno lilipotokea kwenye skrini. ZIMEPOKELEWA. Makofi. ZINAFULIWA. Makofi. ZIMEFULIWA. Watu walishangilia kama timu yao imefunga bao.

Nguo zilipotoka kwenye kikaushio, mpiga pasi, aliyeitwa Mvuke kwa kazi yake na kwa hasira zake, alimvuta Mama Pacha pembeni.

"Dada, vibandiko viko wapi?"

"Si vimo ndani ya ukosi? Fungua macho."

"Nimeyafungua. Ndani ya ukosi kuna vikaratasi vyeupe kama moyo wa malaika."

Mama Pacha akafunua koti la kwanza, la pili, la tatu. Wino wote ulikuwa umekwenda na maji, vuguvugu tu, wala si ya moto. Mbele yake palining'inia mlima wa makoti meusi, masafi, yanayonukia, yasiyo na baba wala mama. Na juu ya kaunta skrini iliandika kwa herufi za kijani: ZOTE TAYARI.

Kilichofuata hakikuwa kwenye ratiba. Waheshimiwa walijaribishana makoti kama mayatima wa mtumba. Mgeni rasmi, mwenye kitambi cha heshima, aliondoka na koti lililomfika viwiko, akatembea mikono mbele kama anayebeba trei. Nguo ya kuazima haisitiri, na hiyo hakuwa hata ameiazima.

Wiki iliyofuata ikaitishwa tathmini ya mradi. Mama Pacha na Mvuke wakapandishwa ghorofani, kwenye chumba cha kiyoyozi ambako waliingia kwa nadra kama mvua ya kiangazi. Mtaalamu akagawa ripoti. Sura ya mafanikio ilikuwa nene, yenye picha za utepe, mkasi, na utepe tena baada ya mkasi. Sura ya changamoto ilikuwa mstari mmoja: mapokezi walikosea kubandika. Chini yake, pendekezo: msimamizi wa mapokezi ahamishiwe zamu ya usiku.

Mama Pacha alisoma mstari ule, akawaza nyumbani. Mume wake alikuwa dereva wa malori, mtu wa kuonekana nyumbani kama mwezi mwandamo. Zamu ya usiku maana yake ni mapacha kulala peke yao na mlango wa komeo bovu.

"Saini hapo chini tu," alisema Mkurugenzi, upole ukimdondoka. "Hatutafuti mchawi hapa. Tunajifunza."

"Mchawi mmeshampata, bosi, mmebakiza kumwonyesha kibuyu chake. Nina swali. Hivi vibandiko mlivijaribia wapi?"

"Humu humu ofisini," alijibu Mtaalamu.

"Kwenye nguo?"

"Kwenye shati langu. Wiki nzima. Havikubanduka hata kimoja."

"Ukalifua?"

Mtaalamu akaitazama kompyuta yake.

"Humu ndani," alisema Mtaalamu taratibu, "hairuhusiwi maji karibu na kompyuta."

Chupa za maji zilizopangwa mezani, moja kwa kila mjumbe, zilinyamaza kwa adabu.

"Haya," alisema Mama Pacha. "Hata mimi sikuuliza. Nilifurahia kupumzisha vidole. Watu wazima wote hawa, tumekaa kwa dobi, na hakuna aliyekumbuka kwamba nguo hulowa. Liandikwe hivyo, na jina langu liwe la kwanza. Lakini la kubandika vibaya silisaini."

"Mama Pacha, punguza jazba," alisema Mkurugenzi. "Kibandiko hiki ni cha kimataifa. Tatizo ni mkono uliokibandika."

"Kumbe!" Akatoa kibandiko kipya mfukoni, akakisukuma mezani hadi mbele ya Mkurugenzi. "Basi kibandike kwa mkono wako, bosi. Kwenye koti hilo la zambarau. Tushuke nalo chini, litiwe mashineni. Mistari ikitoka salama, nasaini, na usiku wa leo nipo kazini."

"Pasi nitalipiga mimi, bure," alidakia Mvuke. "Hata mikunjo nitaiomba radhi."

Mkurugenzi alikitazama kibandiko kama mtu aliyewekewa nge. Mkono wake ukapanda polepole ukafunga kifungo cha juu, kisha cha kati.

"Koti hili ni jipya," alisema.

"Usafi ndiyo kazi yetu."

"Nasema haliwezi, mama! Kibandiko kitafutika, halafu nitalipataje..."

Akauma ulimi, ila neno lilikwisha kutoka. Mvuke alikohoa kikohozi kisicho cha kifua. Mtaalamu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Ripoti iliyotoka jioni ile ilikuwa imefuliwa. Chanzo cha changamoto sasa kilikuwa "kiwango cha unyevu kilichozidi matarajio." Mkosaji alikuwa maji, naye hakuwa na wa kumtetea. Pendekezo lilikuwa semina ya siku kadhaa, hotelini, kuhusu unyevu. Kuhusu zamu ya usiku hapakuwa na neno. Mama Pacha aliisoma mara mbili, akaisaini, akawahi kuchukua watoto.

Siku chache baadaye alikuwa kwenye kaunta, skrini pana imezimwa na kufunikwa shuka, Mtaalamu akaingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa na koti lake mkononi, amelikunja kama mtu aliyeficha kuku.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

"Nina harusi ya mdogo wangu Jumamosi. Nalitaka safi."

"Bila wasiwasi." Akafungua droo, akachomoa karatasi ya vibandiko. "Nikubandikie cha kimataifa?"

Mtaalamu akatazama nyuma yake, kisha ngazi za kwenda ghorofani.

"Usinitanie, dada. Nishonee."

Mama Pacha akalowesha ncha ya uzi mdomoni, akaipitisha kwenye tundu la sindano.

"Kaa hapo," alisema. "Na funga mlango, bosi ameleta lake asubuhi, hataki lijulikane."