Jani Lililosokotwa Kushoto

Maji hayakuwa yamechemka bado, na Komanda Evariste alikuwa ameshauliza mara mbili.

"Mama, moto yako iko na lala?"

Léocadie aliinama kuchungulia sufuria. Maji ya chai hayaharakishwi. Alingoja vipovu vidogo kama macho ya samaki ndagala, ndipo akaepua sufuria. Hapa bandarini Kalundu, gunia la majani ya chai halikupanda bato, ile meli ya mizigo, kabla yeye hajalionja. Akimeza, linapakiwa. Akimwaga chini, linarudi lilikotoka. Na kabla ya kuonja aliuliza swali moja, lile lile tangu ujana wake.

"Nani alichuma? Walilipwa?"

Askari waliokalia magunia wakacheka.

"Tuliwalipa uhai," alisema Evariste. "Iko kidogo?"

Nizigama, mnunuzi wa chai kutoka ng'ambo ya ziwa, alikuwa akiangalia viatu vyake. "Miye nangojea ulimi wa mama. Kule kwetu watu wanauliza swali ile ile."

Tangu askari wateke shamba la chai kule mlimani, wachumaji walikuwa wakifungiwa katika kibanda cha kukaushia. Belyse, kitindamimba wa Léocadie, alikuwa mmoja wao. Miezi mitatu, hakuna habari.

Léocadie alizamisha mkono mpaka chini ya gunia, maana ya juu huwa ya kuonyesha wageni. Akatandaza majani kwenye ungo. Vijiti. Majani mazee. Mchanga. Mtu anayechuma huku fimbo iko mgongoni hachagui.

Halafu akaona jani moja limesokotwa kushoto. Na lingine. Wachumaji husokota majani kwa mkono kabla ya kuyakausha, na mlima mzima husokota kulia. Belyse peke yake, aliyevunjika mkono wa kuume utotoni, husokota kushoto. Mara ngapi alimfokea! "Weye, utaharibia watu gunia!"

Akalinusa. Moshi wa kukaushia bado mpya. Basi wiki hii mtoto alikuwa hai.

Akayatia yale mawili kikombeni pamoja na mengine, akamimina maji, akafunika na kisahani, akangoja. Alipofunua, mkono wenye kikombe ulianza kuinama wenyewe kumwaga, kama ulivyozoea. Tone likaanguka vumbini.

"Mwaga," Evariste alisema polepole. "Sitakupiga, weye uko kama mama yangu. Nitapanda tu kule juu, niwaulize nani alichuma vibaya."

Nizigama alikuwa ameanza kufunga mkoba wake wa pesa.

Léocadie akanywa. Chungu, ya vijiti na moshi. Akameza yote.

"Iko namna gani?"

"Iko muzuri."

"Sema na nguvu, wabebaji wasikie."

"Iko muzuri!"

Magunia yakainuliwa. Evariste akamgonga begani kwa upole. "Wiki kesho naleta mara mbili. Chemsha mapema."

Capitoline, mbebaji ambaye binti zake wawili walifungiwa kule kule, alisimama mbele ya Léocadie, kamba ya gunia imembana kipaji cha uso.

"Dada, uliuliza?"

"Niliuliza."

"Wakajibu nini?"

Léocadie alichungulia kikombeni, amwonyeshe japo alama ile ya Belyse. Majani yalikuwa yamelala chini, mapana, yamefunguka yote. Hakuna lililoonyesha tena lilisokotwa upande gani.

"Pakia, ndugu yangu," alisema. "Bato inangoja."