Digidigi wa Sylvance

Mume wangu Sylvance alistaafu reli akiwa na magoti mabovu na macho mazima, na macho hayo ndiyo yaliyotuletea taabu. Mtu mwingine wa umri wake angekaa nje ya nyumba akasoma gazeti. Yeye hapana. Tangu tulipotoka kwenye nyumba za reli tukajenga hapa Njiru, kila Jumamosi asubuhi anavaa gambuti, anachukua rungu lake, anawapigia mluzi mbwa wetu wawili, kisha anashuka bondeni na rafiki yake Opicho kutafuta sungura.

Nilimsema mpaka mdomo ukachoka. "Baba Phares, bucha iko pale kwa kona. Nusu kilo inatutosha. Unataka ushikwe na askari wa wanyama ukiwa na mvi?" Maana serikali ilikataza kuwinda zamani sana, hata sungura, na yeye anajua hivyo kuliko mimi. Lakini alikulia Alego nyuma ya baba yake na mbwa wa baba yake, na haoni kama sungura ni mnyama wa serikali. Nikizidi kumfokea ananiambia, "Mama Phares, ulikubali kuolewa na mtu, sasa unataka kumsugua mpaka awe mwingine." Ninacheka, anatoka, yameisha.

Kitu kimoja ambacho sikuwahi kumcheka nacho ni sheria ya baba yake. Mzee yule aliwafundisha wanawe kwamba mnyama ukishamjeruhi ni wako. Wenzako wanakuachia, na wewe humwachi. Unamfuata ummalize, hata jua likizama, hata akiingia kwa watu usiowajua. Ukifika kwenye boma lao unapiga hodi, unasema, "Mnyama wangu ameingia kwenu," nao wanakufungulia na kukusaidia kumtafuta. Sylvance alipenda kuwasimulia watoto wetu habari hiyo wakiwa wadogo. Alikuwa akiisimulia kwa fahari, na mimi nilipenda kumsikiliza.

Jumamosi ninayoisema walirudi mapema. Sikusikia mluzi. Nilikuwa ninaanika nguo, nikamwona Sylvance akiingia, akaketi kwenye ngazi ya mlango bila kuvua gambuti, matope yakidondoka kwenye sakafu niliyoipiga deki muda mfupi uliopita.

"Leo sungura amewashinda mbio?" nikamtania.

Opicho, aliyeingia nyuma yake, ndiye aliyenijibu, naye alikuwa akiongea huku anamtazama mwenzake, kama anayeomba ruhusa kwa kila neno.

Mbwa walikuwa wamemtoa sungura na kumkimbiza upande wa mto. Sylvance akabaki nyuma kwa sababu ya magoti. Nyasi zikatikisika karibu naye, akarusha rungu kabla hajaona anachokirushia. Hakuwa sungura. Alikuwa digidigi, yule paa mdogo asiyezidi mbuzi mchanga, mwenye miguu myembamba kama vijiti vya kuwashia moto. Rungu lilimvunja mguu wa nyuma. Alianguka, akainuka, akakimbia na mguu ule ukining'inia. Sylvance alimfuata akiwaita mbwa kwa sauti yake yote, nao wako mbali na sungura wao. Kuna ploti moja kubwa pale chini iliyozungushiwa ukuta wa mawe, na chini ya ukuta kuna tundu la mtaro. Digidigi akapenya hapo. Mtu hawezi kupita.

Tulipohamia huku hapakuwa na ukuta hata mmoja. Ungesimama kwenye mlango wetu ukaona mpaka mtoni. Sasa ni kuta, mabati, na maandishi mekundu ya PLOTI HII HAIUZWI kila unapogeuka.

"Si mngebisha?" nikauliza.

"Mimi nilibaki kule nyuma nimeshika mbwa," Opicho akasema. "Mzee ndiye alienda kwa geti."

"Hakuna mtu," Sylvance akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Nilibisha. Pamefungwa, hakuna mtu."

Siku hiyo hakula. Nilimpakulia mchana akaisukuma sahani, nikampakulia jioni akasema ameshiba, ilhali tumbo lake nililisikia likinguruma. Nilianza kukasirika, kwa sababu mimi mtu akikataa chakula changu naona amenitukana. Kisha nikamwona anajipapasa goti lile baya, taratibu, akiangalia ukutani, na hasira ikanitoka. Jambo lile lilikuwa linamuuma kweli. Alijua yule mnyama yuko mahali, yuko hai, na hakuna wa kumwondolea yale maumivu isipokuwa yeye.

Kesho yake tulikwenda kanisani. Sylvance ni mzee wa kanisa, anayesimama mbele na kusoma matangazo. Alisoma tangazo la mazishi mara mbili akalisahau la harusi, mpaka mama wa bwana harusi akasimama mwenyewe kujitangazia. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Tulipotoka nikamshika mkono. "Hatuendi nyumbani. Mnyama wako yuko kwa watu. Twende tupige hodi mpaka wafungue, na wasipofungua nitapanda ule ukuta mwenyewe."

"Umevaa viatu vya kanisa," akasema.

"Viatu vitapanguswa."

Njia nzima alikuwa akitembea nyuma yangu, jambo ambalo si kawaida yake. Nilidhani ni magoti. Tulipofika getini niligonga bati kwa kiganja, na sikuwa nimegonga vizuri kabla mlango mdogo haujafunguliwa. Soja, mlinzi wa ploti, alitoka, mtu wa makamo mwenye koti la mvua, jina lake Ndirangu kama alivyotuambia baadaye. Alimwona Sylvance akatabasamu.

"Aa, mzee wa jana! Umeleta mama aone ploti?"

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa akitazama chini.

"Ulimpigia yule broka nilikupa namba yake?" Ndirangu akaendelea, mwenye furaha zake. "Mama, huyu mzee anajua kununua shamba. Jana tumeongea hapa muda mrefu. Ameniuliza maji, ameniuliza stima, ameniuliza kama hati iko safi. Nikamwambia hii haiuzwi, lakini ile ya jirani ukiongea vizuri utapata."

Nimeishi na Sylvance tangu nikiwa msichana na sikuwahi kumshika na uongo. Ana makosa yake, mengine nimeyasema hapa, lakini si uongo. Niliona aibu kwa niaba yake, na aibu yangu mimi huja imevaa hasira. Ningeweza kumsema pale pale mbele ya mgeni. Badala yake nikamwambia neno moja tu.

"Sema."

Akavua kofia.

"Kijana wangu," akasema, "mimi sikuja kununua ploti. Jana nilimpiga mnyama na rungu, nikamvunja mguu, akaingia humu ndani. Nilikuja kumtafuta. Ulipofungua, nikaogopa. Mimi ni mzee wa kanisa, watu wa hapa wananijua. Nikafikiri ukisikia ninawinda utaniitia polisi. Kwa hivyo nikakuuliza hayo mambo ya maji na stima. Mnyama huyo ni wangu. Naomba uniruhusu nimtafute."

Tabasamu lilimtoka Ndirangu polepole.

"Kale kanyama ka mguu umevunjika?" akasema. "Mzee wangu, si ungesema tu!"

Akatufungulia geti lote, kana kwamba tumekuja na gari. Hatukwenda mbali. Pale pale ndani, upande wa kushoto, kuna tangi jeusi la maji juu ya matofali, na nyuma ya tangi nyasi zilikuwa zimelala, zimeshikana kwa damu iliyokauka. Kulikuwa na kisufuria cha maji, na gunia.

"Kalikuwa hapa," Ndirangu akasema. "Kaliingia jana, kakalala hapa. Mimi niliogopa kukashika. Nilifikiri ukipatikana na mnyama wa serikali unafungwa, hata kama hukumuua. Nikakawekea maji. Jioni nikakafunika na gunia, kalikuwa kanatetemeka. Leo asubuhi nimetoka kuoga nikapata kameenda. Kamepita kwa ule mtaro tena."

Sylvance alikuwa akitazama nyasi zile, kisha geti, kisha nyasi tena.

"Wakati ule tukiongea mimi na wewe," akauliza, "kalikuwa wapi?"

"Si hapa tu. Hapa hapa." Ndirangu akaonyesha kwa kidole. Kati ya tangi na mlango mdogo ningeweza kutandika mkeka mmoja tu. "Nilikuwa nakaona vizuri wewe ukiongea. Kalikuwa kamesimamisha masikio."

Ndirangu akaanza kujitetea, eti angejua angetuita, angefanya hivi na vile, nami nikamwambia asijisumbue, amefanya zaidi yetu.

Tulitoka tukazunguka ukuta mpaka upande wa mtaro. Kwenye vumbi kulikuwa na alama za kwato ndogo, na kando yake mstari mwembamba pale mguu ulipoburuzwa. Sylvance alizifuata akiwa ameinama, na sijui magoti yake aliyaacha wapi siku hiyo. Tulipita kwenye msingi wa nyumba uliochimbwa ukaachwa, tukapita nyuma ya banda la kuku la mtu, tukatokea kwenye barabara ya murram isiyo na lami, ambako malori ya mawe hupita hata Jumapili. Hapo alama zikaisha. Magurudumu yalikuwa yamefuta kila kitu.

Alivuka barabara akatafuta ng'ambo. Alirudi akatafuta upande huu. Alitazama chini ya kila kichaka mpaka mtoni, akipiga magoti na suruali yake ya kanisa, na mimi nikimfuata nikitafuta pia, nikisema moyoni kwamba tukimpata nitafumba macho, yeye afanye anachotakiwa kufanya, tumalize. Hatukumpata. Jua lilipoanza kuwa jekundu nilimwambia turudi, akakubali bila kubishana, na hilo likanihuzunisha kuliko kama angekataa.

Juma lile lilikuwa refu. Jumatatu alirudi huko peke yake, na Jumanne, na Jumatano. Alikuwa akitoka bila rungu na bila mbwa, amebeba kisu tu mfukoni, na kurudi na miiba kwenye mikono ya shati. Chakula alikuwa akikigusagusa. Chai alikunywa nusu. Jumatano usiku nilipika omena, wale dagaa wa ziwa, kama anavyopenda, na nyanya nyingi, akaniambia asante akaenda kulala.

Kesho yake Opicho alikuja kumliwaza. Opicho ni mtu mzuri, ila huruma yake ina maneno mengi. "Mzee, hao wanapona," akamwambia. "Kule kwetu nimeona swara wa miguu mitatu akiishi mpaka anazaa." Sylvance akaitikia kwa adabu. Opicho alipoona hilo halijaingia akabadilisha: "Ama pengine fisi alimchukua hiyo hiyo Jumapili. Hakuteseka." Kisha akasema mnyama hana akili ya kukumbuka, kwamba maumivu kwake ni kama mvua, inanyesha inapita. Sylvance akamshukuru, akamsindikiza mpaka njiani, akarudi akaketi pale pale kwenye ngazi.

Nilikwenda nikaketi kando yake. Ilikuwa jioni, majirani wanapika, moshi umejaa uani. Nilikuwa nimejiandaa kumliwaza mimi pia. Nilikuwa na maneno yangu tayari, kwamba binadamu hukosea, kwamba Mungu anaona moyo.

"Mama Phares," akasema kabla sijaanza. "Nilipokuwa pale getini nikiuliza habari za maji. Unafikiri aliijua sauti yangu?"

Ningeweza kumwambia hapana. Ndilo jibu ambalo mke mwema angempa, na lilikuwa mdomoni. Lakini nilimtazama vile alivyokonda ndani ya siku chache, nikaona amekuwa akilishwa majibu ya namna hiyo na Opicho, na hakuna hata moja lililokaa tumboni.

"Ulimkimbiza bonde zima ukiwaita mbwa kwa sauti hiyo hiyo," nikamwambia. "Ndiyo, Baba Phares. Aliijua. Alijua ni wewe, na alikungoja uingie au uondoke, na alikuwa na hofu."

Machozi yalimtoka. Sikuwahi kumwona akilia tangu tulipomzika mama yake. Sikumwambia anyamaze. Nilikaa tu, bega langu likigusa lake, mpaka alipojifuta kwa mkono wa shati.

"Ndivyo nilivyofikiri," akasema.

Halafu akaniuliza kama ile omena imebaki. Nikaipasha moto, nikamsongea ugali, nikamletea pale pale kwenye ngazi na maji ya kunawa. Akala yote.