Neno la Kumtuliza Aliyefiwa

Katekista Henri alitafuta mtu anayeijua lugha ya Kihunde ya milimani, akaelekezwa kwa Léocadie, mkulima wa Masisi aliyekimbia vita na kuhamia Munigi kwa shemeji yake. Wakatoliki na Waprotestanti, waliozoea kila mmoja kusoma maandiko yake, sasa walikuwa wakitafsiri Biblia pamoja kwa Kihunde. Walihitaji msikilizaji wa kusema kama ameelewa.

Waliketi watatu katika ukumbi mdogo wa mtaa wa Mapendo: Henri, Pasta Havugimana na Léocadie. Pasta akasoma kwa Kihunde habari za mama aliyewalilia watoto wake, asikubali kufarijiwa.

"Mama Léocadie, umesikia nini?" akauliza.

"Mama analia. Batoto bamekufa. Watu banamunyamazisha."

"Wanamfariji," alisema Henri.

"Hapana, papa. Hiyo neno ni ya mutoto mwenye analilia ziwa ya mama yake. Unamubeba, ananyamaza. Mutu muzima hatumufanyiake vile."

Pasta alijikuna shingo. Neno lile lilikuwa katika tafsiri ya zamani, na wazee wa kanisa lake walilijua kwa moyo. "Watasema tumeharibu Neno la Mungu."

"Hata wangu watasema," alijibu Henri. "Lakini mama haelewi."

Wakabishana. Léocadie alitazama ukuta.

"Sasa mtu mzima mnamfanyia nini?" Henri akamuuliza.

"Tunaikala naye chini." Akalitaja neno lenyewe kwa Kihunde. Henri akaliandika, akamwomba alirudie. Akalirudia kwa sauti ileile.

"Mara ya mwisho ulilisikia wapi?"

"Kwetu, wakati papa yangu alikufa. Kwa batoto yangu hapana. Tulikuwa tunakimbia, hakuna mwenye aliikala."

Pasta aliweka kalamu chini. "Watoto wako?"

"Bawili."

Kisha Pasta akasema, "Mama, tuombe kidogo."

"Kama munataka."

Alifumba macho kwa kuwa wao walifumba. Pasta aliomba kwa muda mrefu. Léocadie alingoja kitu kimguse kifuani. Hakikuja. Aliposikia amina, akafumbua.

"Mustari gani unafuata?" akauliza.

Waliendelea hadi saa sita. Neno lake liliingia, la wazee likawekwa kama tanbihi chini ya ukurasa. Henri alipomsomea mstari mzima upya, Léocadie alisema, "Sasa inasikika." Wakamwomba arudi Alhamisi.

Alhamisi alifika kabla ya Henri kuleta ufunguo wa ukumbi, akaketi kwenye ngazi.