Wiki Mbili za Hewa Safi

Mashine ya kupima hewa ilipofika mtaani ilipokelewa kama mkwe. Ilikuwa sanduku jeupe la bati lenye kibomba juu cha kuvutia hewa, nayo ilifungwa kwenye paa la nyumba ya mama mdogo, kwa sababu pale umeme haukukatika ovyo na ngazi haikuyumba. Mafundi wawili waliokuja kuifunga walinyweshwa chai mpaka wakaomba msamaha. Majirani walikuja mmoja mmoja, mikono kiunoni, wakauliza kama inanguruma, kama inakula umeme mwingi, na kama ni kweli imeletwa na binti wa nyumba ile.

Ilikuwa kweli. Binti alikuwa mpangaji wa mazingira kwenye ofisi ya jiji, cheo ambacho mtaani hakikueleweka vizuri. Siku mama mdogo alipowatangazia majirani kwamba mwanawe ni mpangaji, mzee mmoja aliuliza kwa huruma ni lini atajenga nyumba yake mwenyewe aachane na kodi. Tangu hapo, ili kuepusha maswali, wote wakamwita Mtaalamu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: katika kila jiji ipo mitaa inayovuta moshi kwa niaba ya wengine, iliyobanwa na viwanda, dampo na malori, na mwaka ule ofisi ilikuwa na uwezo wa kuisaidia michache tu. Mtaalamu alipeleka mashine, mashine ikapima kwa wiki mbili, na mitaa yenye hewa chafu zaidi ndiyo ingeingia kwenye mpango. Ukiingia kwenye mpango, malori yanahamishwa, matanuri yanafungiwa vichujio, dampo linafukiwa. Usipoingia, unabaki na moshi wako.

Mama mdogo alikuwa mdogo wake marehemu mama yake, na ndiye aliyemlea tangu akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Mtaani walimwita Bi Fagio, na hakuwahi kulikataa jina hilo. Alifagia asubuhi, alifagia mchana, na mgeni akiondoka alifagia hata alama za miguu yake. Lakini ukimwangalia vizuri ungejua kwamba hakuwa anapigana na uchafu wa watu. Alikuwa anapigana na masizi. Kando ya barabara kulikuwa na karakana ya kuyeyusha vyuma chakavu, na masizi yake yalitua kwenye sahani, kwenye mashuka, kwenye maziwa ya mtoto. Asubuhi mama mdogo alikohoa kikohozi kikavu kilichoanzia mbali, na daktari alimuuliza ameacha lini kuvuta sigara. Hakuwahi kushika sigara maishani mwake. Swali hilo la daktari Mtaalamu alilisikia akiwa bado anasoma, na ndilo lililomfanya achague kazi aliyoichagua.

Kwa hiyo mwaka ule hakuwa na haja nyingine. Alitaka mtaa ule uingie, mama yule apumue.

Kila mahali alikopeleka mashine, Mtaalamu aliitisha mkutano kwanza. Alisimama mbele ya watu akawaambia maneno yale yale, mpaka vijana wa ofisini wakawa wanamwigiza kwa sauti nyembamba wakati wa chai: ishini kama mnavyoishi siku zote, msifanye lolote kwa ajili ya mashine. Aliyasema kwenye kumbi, kwenye viwanja vya shule, hata chini ya mvua. Nyumbani kwao hakuyasema. Aliona aibu kusimama mbele ya watu waliowahi kumfuta makamasi, awahutubie kama mgeni rasmi. Akajiambia pale ni kwao, watu wenyewe ni wale wale, mambo yataeleweka. Alipita tu jikoni kwa mama mdogo, akala kilichobaki sufuriani, wakacheka habari za huyu na yule, na wakati anavaa viatu akasema lile neno ambalo baadaye angetoa chochote alirudishe mdomoni.

"Wakubwa wangu watakuwa wanapita kuiangalia hiyo mashine, mama. Msije mkaniaibisha."

Alikuwa anatania. Mama mdogo hakucheka.

"Kwani lini tumekuaibisha?" alisema, na macho yake tayari yalikuwa nje, yanatafuta pa kuanzia.

Kesho yake mtaa uliamka na mafagio. Bi Fagio alipita mlango kwa mlango, na neno lake lilikuwa moja: mtoto wetu analeta wakubwa wake, na watu wasije wakasema ametoka jalalani. Nani angekataa? Binti yule walimwona akikua, walimchangia nauli ya kwenda kusoma, na sasa amewakumbuka. Wanawake wakamwagia barabara maji asubuhi na jioni mpaka vumbi likalala. Taka zilizokuwa zikichomwa nyuma ya nyumba zikafungwa kwenye magunia na kufichwa. Mkaa ukawekwa pembeni, waliokuwa na gesi wakawapikia wasiokuwa nayo. Vijana wakapanga mawe barabarani, wakawaomba madereva wa malori wazunguke, na wale wabishi walibembelezwa na mama mdogo mwenyewe mpaka wakageuza.

Kubwa kuliko yote lilikuwa tanuri. Fundi wa karakana alikuwa mtu wa kitambi na sauti nzito, hakuna aliyewahi kumzimisha moto hata siku ya msiba. Mama mdogo alimfuata, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, wakazungumza. Fundi alimkumbuka binti akiwa na sare ya shule, akija kuomba misumari ya kutengenezea kiti cha nyumbani. Akawapa wafanyakazi wake likizo, akawaambia wateja wavute subira, akazima moto. Wote walikubaliana wasimwambie Mtaalamu, maana walitaka aje akute.

Naye alikuja, akakuta. Katikati ya wiki zile alifika kubadilisha kichujio cha mashine. Barabara ilikuwa imelowa na haina hata kikaratasi. Karakana ilikuwa kimya, mlango umerudishwa. Mama mdogo alisimama barazani na kilemba kipya, majirani wakampungia mkono, mtoto mmoja akaletwa kumsalimia kwa Kiingereza cha shule. Sheria ya kazi ilimtaka aulize. Mtu anayepima hewa akikuta barabara yenye maji wakati hakuna mvua, na tanuri baridi siku ya kazi, anauliza, na kama hakuna wa kumjibu anaandika. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Yeye alilijua kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine. Lakini alikuwa ameshikiliwa na furaha. Alipita kwenye barabara ile safi akajiona mtoto wa watu, akapanda ngazi, akabadilisha kichujio, akashuka, akanywa chai ya mama yake na kuondoka. Hakuuliza kitu.

Matokeo yalipotoka, mtaa wao ulikuwa wa mwisho kabisa. Hakukuwa na hewa safi kama ile hata kwenye vilima wanakokaa mabalozi. Mara ya kwanza alidhani mashine imeharibika. Aliendesha gari mpaka huko, na kabla hajakata kona alikutana na moshi, mweusi, umekaa juu ya mapaa mahali pake pa siku zote. Fundi wa karakana alimwona, akatoka akijifuta mikono.

"Vipi, tulikufaa?" alimuuliza, na uso wake wote ulikuwa tabasamu.

Akamsimulia moja baada ya jingine: maji, magunia, mawe, gesi, tanuri. Alisimulia kwa raha, kama mtu anayemwonyesha mwenzake zawadi aliyomnunulia. Mtaalamu alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akarudi kwenye gari, na humo ndani alilia mpaka kioo kikaingia ukungu.

Hakukaa kimya ofisini, kwa hilo apewe haki yake. Alimwendea mkuu wa idara, mzee mpole aliyekuwa akikaribia kustaafu, akamweleza kila kitu, hata lile la kuona na kutouliza. Mkuu alivua miwani.

"Nakuamini," alisema. "Lakini wewe umekulia pale. Nikienda juu nikasema kipimo cha mtaa wenu tu ndicho chenye kasoro, watasema nini? Watasema umepindisha kwa ajili ya nyumbani. Na wakianza kutilia shaka mtaa mmoja, watautupa mpango mzima. Wale wengine watakosa pamoja na ninyi."

Mashine zilikuwa za kuazima na zilikwisha kurudishwa. Kupima tena kungesubiri miaka, kama fedha zingepatikana. Kisha mkuu akamgeuzia ramani polepole, kama daktari anayegeuza picha ya mgonjwa. Malori yanayoondolewa kwenye mitaa iliyoingia lazima yapite mahali, na kanuni ilisema yapite pale ambapo hewa bado ina nafasi ya kubeba moshi. Mstari mwekundu ulishuka kutoka barabara kuu, ukapita kando ya karakana, ukapita mbele ya mlango wa mama mdogo. Kanuni ile ilisifiwa sana ilipotoka. Mtaalamu ndiye aliyeiandika.

Wiki iliyofuata alikwenda kuwaambia. Aliona si haki wasikie kutoka kwa madereva. Mama mdogo aliwaita majirani sebuleni, wakaja wamevaa vizuri, maana walijua wanakuja kupongezwa. Viti havikutosha, wengine wakakaa kwenye mikono ya makochi. Njia nzima Mtaalamu alikuwa akijirudia atakachosema: kosa ni langu, niliwatania mkachukulia kweli, sikuitisha mkutano, nikaona na sikuuliza. Aliyapanga maneno hayo yakapangika.

Alianza na matokeo. Mashine ilikuta hewa safi, na kwa hiyo mtaa haumo kwenye mpango. Fundi wa karakana alidhani amesikia vibaya.

"Hewa safi ya wapi?"

"Ya hapa. Ya wiki zile mbili."

Ikabidi afafanue, na kadiri alivyofafanua ndivyo sebule ilivyopoa. Mwanamke aliyekuwa na mtoto wa pumu aliuliza kama wangeacha moshi wao uwe vile vile wangeingia. Alijibiwa ndiyo. Akauliza na malori je. Mtaalamu akawaambia na la malori. Mtu mmoja akaanza kucheka kicheko kibaya akaacha. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viganja vyake. Alikuwa amepoteza wateja waliohamia kwingine na hawakurudi, na hakuwa amemwambia mtu.

"Na hiyo mitaa mingine," alisema bila kuinua kichwa, "wao walijuaje wasifagie?"

"Tuliwaambia. Tuliwaambia waishi kama siku zote."

"Sisi mbona hatukuambiwa?"

Hapo ndipo pake pa kukiri. Kila mtu alikuwa anamtazama, na maneno aliyoyapanga yalikuwa tayari. Alivuta pumzi. Mama mdogo akamtangulia.

"Tuliambiwa," alisema. "Niliambiwa mimi, jikoni kwangu. Mtoto alinieleza vizuri, nami nikajifanya najua zaidi. Nikaja nikawasumbua na mafagio. Kosa ni langu, msimtazame mtoto."

Alisema uongo ule kwa sauti tulivu, mikono imekunjwa mapajani, na wote wakamwamini, kwa sababu Bi Fagio na usafi nani asiyemjua. Macho yaliyokuwa kwa Mtaalamu yakahama. Yalihama yote kwa pamoja, na alipoyaona yanahama alisikia mwili wake unapata nafuu. Nafuu ile ndiyo iliyomvunja moyo kuliko yote, hata miaka mingi baadaye. Alikuwa bado ana muda. Angeweza kusema hapana, mama anadanganya, aliyekosea ni mimi. Alifikiria kazi yake, alifikiria barua ambazo watu hawa wangeweza kuandika jijini, alifikiria watakavyomtazama. Akaangalia sakafu iliyong'aa, akanyamaza.

Watu waliinuka. Mwenye mtoto wa pumu alipita mbele ya mama mdogo bila kumuaga, na waliomfuata wakafanya vivyo hivyo. Mama mdogo alianza kukusanya vikombe. Kikohozi kilimshika akiwa na sinia mkononi, akaliweka mezani, akakohoa ameshika ukingo wa meza, na Mtaalamu alipomkaribia na kutaka kusema, alimkatiza kwa mkono.

"Wewe bado una safari ndefu," alisema pumzi ilipomrudia. "Mimi watanuna kidogo, watachoka. Nenda kabla malori hayajajaa barabarani."

Nje, fundi wa karakana alikuwa anamngoja. Alimpokea mkoba, akaubeba mpaka kwenye gari, akamfungulia mlango kama zamani. Alisita kidogo, akikuna shingo, halafu akainama dirishani.

"Usimchukie mama," alisema. "Ni mtu mzima, hakukuelewa tu. Tunakuomba radhi kwa niaba yake."

Mtaalamu aliupokea mkoba, akauweka mapajani.

"Haina neno," alijibu.